Jiwe Lenye Wivu

Hadithi ninayo, masikio mnayo? Basi sogeeni.

Mama mmoja, jina lake Sikudhani, alimwonea wivu jirani yake Kidawa, kwa sababu watoto wote walishinda uani kwake wakijifunza mawe: kuyagonga, kuyakwaruza, kuyalowesha. Hata Mize, binti yake mwenyewe, alirudi jioni akisema, "Shangazi Kidawa kasema hivi, kasema vile."

Roho ikamuuma. Akaliendea zimwi la mlimani. "Mgeuze Kidawa awe jiwe!"

Zimwi likacheka. "Moyo wako umeshaanza kuwa jiwe. Wacha nimalizie."

Mize alipomfuata mama yake, alikuta mawe matatu yanayofanana. "Moja ni mama yako," likasema zimwi. "Ukikosea, ndiyo basi."

Mize akayagonga, yakalia sawa. Akayakwaruza, yakatoa unga sawa. Akayamwagia maji huku akilia, "Shangazi Kidawa alisema jiwe likilowa huonyesha rangi yake."

Jiwe la kati likachemka, mvuke ukapanda.

"Huyu hapa!" Mize akalikumbatia. "Mama hapendi kusikia jina la Kidawa!"

Sikudhani akasimama, amelowa chapachapa. "Kidawa tena! Haya, nipeleke huko kwake, na mimi nikaguse hayo mawe."

Hadithi nimeiweka chini. Mwenye mkono aiokote.