Mbao Tano Kushoto

Dobi aliingia ukumbini akiwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa akikamua mashuka ya hospitali, na mgongo ulimuuma kana kwamba nao umepitishwa kwenye mashine. Hata hivyo, hakutaka kuahirisha. Timu ya mji ya boling, mchezo wa kuangusha pini kumi kwa tufe, ilikuwa imebakiwa na nafasi moja tu, naye, kwa miaka yake hamsini na minane, alijua nyingine haitamngoja. Mpinzani wake alikuwa karani wa posta, kijana mpole mwenye miwani. Wangecheza raundi tatu, na mwenye jumla kubwa angeichukua nafasi hiyo.

Kwa miaka ishirini Dobi alikuwa akisimama pale pale na kulenga pale pale. Tufe lake liliteleza juu ya mafuta yaliyopakwa kwenye njia ya mbao nyembamba zilizolazwa sambamba, likafika pakavu karibu na mwisho, likashika mbao na kupinda kushoto kama ng'ombe anayelijua zizi lake, hadi kwenye pini. Raundi ya kwanza ilikwenda hivyo, akaongoza.

Raundi ya pili mambo yalikwenda kombo. Tufe lilipinda mapema mno, likaacha pini mbili, moja huku, nyingine kule. Akaongeza nguvu. Wapi! Likapinda vilevile. Kufikia mwisho wa raundi, karani alikuwa mbele.

"Uzee umenifika," Dobi alinong'ona akijikanda bega.

Nyuma yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akizipaka mafuta njia zile kila asubuhi.

"Shemeji, usilisingizie bega," alisema. "Matufe yamekomba mafuta pale unapopitisha. Pamekauka, ndiyo maana linashika mapema. Sogea mbao tano kushoto, ulipitishe palipo na mafuta bado."

"Nilianza kusimama hapa wewe ukiwa unang'oka meno ya utoto. Leo ndiyo unifundishe pa kuweka miguu?"

"Haya, kaa na mahali pako. Mwenzio keshahama."

Ni kweli. Karani alikuwa amesogea kimyakimya, na tufe lake liliingia kwenye pini kama ufunguo kwenye kitasa. Dobi aliona, lakini alichelea kuonekana anamwiga kijana. Akaianza raundi ya tatu pale pale pa siku zote, na kila tufe likamkosea adabu.

Zilipobaki zamu nne, aliketi, akainamisha kichwa. Kiburi nacho kina uzito, na mikono yake ilikuwa imechoka kubeba. Akainuka, akasogea mbao tano kushoto, akalenga upya, akatupa. Tufe liliteleza mbali, likajivuta, likapinda kwa wakati wake. Pini zote kumi zikalala. Zamu iliyofuata, kumi tena. Hadi mwisho, hakuna pini iliyobaki imesimama.

Walipojumlisha, karani alimshinda kwa pini nne.

Shemeji alimpa taulo. Karani alikuja kumshika mkono kwa heshima. "Mzee, bado una mkono wa chuma. Mbona hukusogea mapema?"

Dobi alijifuta jasho, akacheka bila furaha nyingi. "Nilidhani njia ndiyo itakayonifuata mimi, mwanangu."

Kweli, ngoma ikibadilika, mchezaji naye hubadili mchezo.