Seva Iliyomngoja Aliyeagwa

"Mlango ukichelewa kufunguka, mwulize bawabu anamngoja nani." Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkauliza ilikotoka. Ketini vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Katika hospitali moja ya milimani, Tumsifu ndiye aliyetunza seva, yaani zile kompyuta kuu za Linux zilizohifadhi majibu ya maabara. Jumatatu moja, kila aliyetaka kuingia humo aliandika nywila yake, kisha akangoja hadi akapiga miayo. Ajabu ni kwamba, akishaingia, kila kitu kilikwenda mbio.

Asubuhi hiyo Bi Sekela, mjamzito, alikuwa akisubiri kupasuliwa. Daktari Nsajigwa akaja kusimama mlangoni.

"Tumsifu, damu haijui kusubiri. Nikihitaji majibu katikati ya upasuaji, niikodolee macho kompyuta? Usipouponya ugonjwa huu, nitampeleka mama huyu mjini, na barabara ile unaijua."

Tumsifu aliijua. Akabadilisha nyaya, wapi! Akaizima seva na kuiwasha. Uzito ukabaki palepale. Akapima kazi za seva, akaikuta imetulia kama mkwe ukweni. Kichwa kikamzunguka. Bawabu gani huyu, hana kazi wala hafungui mlango?

Hapo akaacha kuilaumu, akachunguza inazungumza na nani. Kumbe kabla ya kumfungulia mgeni, seva iliuliza kompyuta nyingine jina la mashine aliyotokea mgeni huyo. Ikangoja jibu, ikauliza tena, ikakata tamaa, ndipo ikafungua.

"Lugano," akamwita mwenzake, "anwani hii inayoulizwa ni ya nani?"

Lugano akacheka. "Dada, umemsahau marehemu? Si ile kompyuta kuukuu ya majina tuliyoiaga Ijumaa kwa soda na maandazi? Hotuba ulitoa wewe, tena ndefu!"

"Na seva, nani aliiambia kwamba marehemu ameondoka?"

Lugano akatazama dari. "Seva... hatukuialika."

Tumsifu akaifuta anwani ya marehemu, akaandika ya mrithi wake, kompyuta mpya ya majina. Daktari akajaribu; kabla hajainua kidole kutoka kwenye kitufe, akawa amekwisha kuingia. Akaenda kuvaa glavu. Adhuhuri haijafika, kilio cha mtoto mchanga kikasikika hadi chumba cha seva.

Tangu hapo, hospitalini pale, anayelalamikia uzito usioeleweka huambiwa asiupige mlango mateke. Mlango ukichelewa kufunguka, mwulize bawabu anamngoja nani.