Magunia Matatu Kila Nyumba

Hapo zamani, mvua ilipoususia mji wa Kitumbini misimu miwili mfululizo, alikuwako fundi mmoja wa kushona matandiko ya punda, jina lake Chande. Kazi ilikuwa imemkauka, maana katika shida ile hakuna aliyekumbuka kumpamba punda. Alikaa mtaa wa Mlimani na mkewe Mwanakheri, na chungu chao kilikuwa kimelala kifudifudi siku nyingi hata buibui akajenga ndani yake.

Basi watu wa Mlimani wakamtuma Chande kwa Sultani Haidari, kwa kuwa alikuwa na ulimi mwepesi, akaombe ghala la mtama lifunguliwe. Sultani alipomsikiliza akamgeukia waziri wake Fumbwe, mtu mnene asiyeachana na kitabu chake kikubwa.

"Njaa?" akasema Waziri Fumbwe. "Njaa iko wapi, Sultani wangu? Nimeyahesabu magunia yote ya mtama yaliyomo mjini humu, nikayagawa kwa idadi ya nyumba. Wastani wake ni huu: kila nyumba ina magunia matatu, mbuzi mmoja na nusu, na robo ya punda. Mwenye magunia matatu hulia njaa?"

Sultani akafurahi mno, kwani hakupenda kusumbuliwa na habari za njaa karibu na saa ya chakula. Akasema, "Umesikia, Chande? Haya, nakupa siku saba. Niletee mtu mmoja tu mwenye magunia matatu kamili, naye aseme mbele yangu kwamba ana njaa. Ukimleta, ghala nitalifungua. Ukishindwa, utachapwa viboko arobaini kwa kunizushia uongo."

Chande akatoka huku akijipapasa mgongo. Akauzunguka mji mtaa kwa mtaa, akipiga hodi na kuuliza. Kule Mabondeni, kwa matajiri, alikuta nyumba za magunia thelathini, za arobaini, na moja ambayo watu wake walilala ukumbini kwa kuwa vyumba vyote vimejaa mtama. Kwao Mlimani hakukuta hata punje. Mwenye matatu hakuonekana. Siku ya sita akarejea nyumbani, nyayo zikimwaka moto.

"Mke wangu, nimekwisha," akasema. "Hakuna mtu huyo. Waziri amemzaa kitabuni."

Mwanakheri, ambaye njaa ilikuwa imemtia ukali, akaweka mkono kiunoni. "Kitabu cha Sultani kimesema nyumba hii ina magunia matatu?"

"Kimesema."

"Basi yako wapi, bwana? Umempelekea nani? Na mbuzi wangu mmoja na nusu umemla na nani?"

Chande akaanza kujitetea. Mara akacheka hata akashika ukuta.

Asubuhi yake baraza la Sultani lilipofunguliwa, ikawa uwanja umejaa watu wa Mlimani, wote wakipiga mayowe, "Tumeibiwa! Tumeibiwa!"

"Kimetokea nini?" akauliza Sultani.

Chande akapiga magoti. "Sultani wangu, uishi miaka mingi. Mtu uliyeniagiza sikumpata, nami nimekuja na mgongo wangu. Lakini kwanza utusikilize, maana kuna wezi mjini. Nimepekua nyumba yangu yote, magunia yangu matatu hayamo. Mbuzi hayupo, na yule nusu naye hayupo. Jirani yangu huyu ameibiwa robo ya punda, naye hata hajui kama ni robo ya mbele au ya nyuma."

"Ya mbele ingekuwa hasara ndogo," akasema jirani kwa huzuni. "Hiyo ndiyo inayokula."

"Upuuzi!" Waziri akafoka. "Hawa hawakuwa na kitu tangu hapo!"

Chande akainua uso polepole. "Basi kitabu kimesema uongo mbele ya Sultani?"

Waziri akatazama kitabu, akamtazama Sultani. "Kitabu changu hakisemi uongo," akasema.

"Basi tumeibiwa," akasema Chande. "Nasi twaomba sheria ifuatwe. Ipekuliwe kila nyumba, na atakayekutwa na magunia zaidi ya matatu aliyoandikiwa, aeleze yaliyozidi ameyatoa wapi."

Sultani, ambaye kesi hii ilianza kumnogea, akatuma askari. Na kwa kuwa askari hawakupenda kwenda mbali, walianza na nyumba iliyopakana na baraza, nayo ilikuwa ya Waziri Fumbwe. Wakarudi wakitweta, wamejaa vumbi la mtama hata kwenye kope.

"Magunia mia tatu na kumi, Sultani wetu. Tena tuliacha kuhesabu kwa sababu ya kiu."

"Ni yangu!" akalia Waziri. "Ni ya shamba langu mwenyewe!"

"Kitabu chako kimekuandikia matatu," akasema Chande kwa upole.

Waziri akakiinamia kitabu chake. Jasho likamtiririka hadi kwenye kitabu, wino ukaanza kuchuruzika. Sultani akaanza kucheka, mara akakatiza kicheko, akakunja uso.

"Chande. Na katika ghala langu mimi je?"

Chande akasema, "Na wewe umeandikiwa matatu, Sultani wangu. Ila mimi macho yangu ni mabovu, ghala lako sijaliona."

Sultani akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikamwangukia mapajani. Akaamuru ghala lake lifunguliwe siku ile ile, na magunia ya Waziri yaliyozidi matatu yapandishwe Mlimani, na mwenye kuyapandisha awe Waziri mwenyewe, gunia moja moja, kwa mgongo wake. Tena akamkataza asimwandikie tena mtu chakula asichokiona chunguni mwake kwa macho.

Kisha akamwita Chande karibu. "Umeniaibisha, nami nimefurahi. Omba utakacho."

"Naomba sinia moja la wali, Sultani wangu, nile na mke wangu," akasema Chande. "Lakini liletwe sasa hivi, na Waziri asiligawe."