Ufunguo Mmoja wa Pijo

Nyamazeni, na mwenye simu aizime, maana sirudii.

Lushoto walikuwapo watu watatu. Hoza alijaliwa kumbukumbu: gari likifa popote milimani, anajua limeozea wapi. Kaniki alijaliwa mikono: mpe tupa na kipande cha chuma, akuchongee utakacho. Mwanahawa, dereva wa lori la kabichi, akishika usukani anajua ugonjwa wa gari kabla ya gari lenyewe.

Sasa, Bibi Mahiza, mkunga mstaafu, alikuwa na Pijo kuukuu, gari alilowakimbizia wajawazito hospitali miaka nenda miaka rudi. Kile chuma chenye meno kinachotii usukani kikalika upande mmoja. Ukikata kulia, sawa. Ukikata kushoto, usukani unazunguka bure. Miezi minane Bibi akaenda sokoni kwa kukata kulia tu, mji mzima anauzunguka! Wanawe wakachoka, wakaita watu wa chuma chakavu waje Ijumaa kulikatakata.

Bibi akasema, “Atakayelishusha Mombo na kulirudisha kabla hao hawajaligusa, gari ni lake.”

Hoza akakumbuka Pijo kama hiyo kule Soni. Mwenye nayo, mama mmoja, kaigeuza banda la kuku, na kuku kaatamia humo.

“Mama, naomba chuma kilicho chini ya huyo kuku.”

“Umhamishe mzazi? Wewe mama yako alihamishwa?”

Akasubiri siku nne vifaranga vitoke. Akarudi na chuma.

Kaniki akakitazama. “Umeniletea chuma au mavi ya kuku?” Meno matatu yalikuwa yamevunjika. Akayajaza kwa kulehemu, akayachonga kwa tupa, jino moja moja, siku mbili, mpaka vidole vikachubuka.

Kikafungwa. Nani ajaribu mteremko ule? Wanaume wote ghafla wakakumbuka shughuli zao. Mwanahawa akapanda. Kona ya tatu usukani ukakaza, korongo liko wazi mbele. Mwingine angepiga mayowe na kutumbukia na gari. Yeye akavuta breki ya mkono, akaingia chini ya gari, akalegeza nati robo mzunguko, akaendelea. Mombo akanywa na chai.

Ijumaa, wakata chuma wameshawasha moto wao, honi ikalia. Pijo hiyo! Ikafika getini, ikakata kushoto, laini kama siagi. Vigelegele! Mwenye mtungi wa gesi akausogeza mwenyewe kupisha.

“Bila mimi mngefunga nini?” akasema Hoza.

“Jino bovu?” akacheka Kaniki.

“Lingekuwa korongoni sasa hivi, na meno yenu yote,” akasema Mwanahawa.

Bibi Mahiza kasimama, ufunguo mkononi. Msiniambie wagawane, gari likigawanywa ni chuma chakavu, na wakata chuma tumeshawafukuza. Mimi nimeshaamua, sisemi.

Haya, wewe unayejifanya mwerevu hapo: ungemtupia nani ufunguo?