Sanduku la Wageni

Masumbuko, tajiri wa soko letu, alishinikiza kwamba siku ya kumchagua mwenyekiti, watu waruhusiwe kujiandikisha na kupiga kura papo hapo. Akashusha malori mawili ya wageni. Kura zao zikawekwa kwenye sanduku lao.

Mara akaona wanawake wenye kanga za kila rangi wakimiminika kwenye kibanda cha kujiandikishia.

“Siwatu, hao wako?” alimuuliza mpinzani wake, muuza chapati.

“Wangu, mzee. Wengine wako njiani.”

Masumbuko akamvaa msimamizi. “Sanduku la wageni lisihesabiwe!”

“Siwatu, unakubali?” msimamizi akauliza.

“Kwa shingo upande.”

Wakatia sahihi. Zikahesabiwa kura za wenyeji, Siwatu akashinda.

“Lakini jeshi lako limepotea bure,” Masumbuko akamkejeli.

“Jeshi gani? Ni shoga zangu sita, wakiingia kibandani kwa mbele na kutokea nyuma bila kujiandikisha, wakibadilishana kanga chooni. Mle sandukuni mna kura za watu wako tu.”