Mshindi wa Ubishi

Mshindi wa ubishi hurudi peke yake. Mchungaji ameisema methali hii leo kanisani, nanyi mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi niwaambie, maana ilitoka nyumbani kwetu.

Baba yangu, Lameki Kitundu, alikuwa mwinjilisti huku Iramba. Alihudumia mitaa mitatu kwa miguu, na mwaka ule wa surua alizika watoto mpaka sauti ikamkauka. Mmoja wao alikuwa Eliwaza, binti wa pekee wa Shila, mwashi aliyejenga kanisa letu.

Baada ya msiba ule Shila hakukanyaga tena kanisani. Siku moja akakutana na baba kwenye mashine ya kusaga, watu wamejaa. Shila akapaza sauti, "Mungu wenu nilimjengea nyumba kwa mikono hii. Mwanangu alipokuwa akihema, yeye alikuwa wapi?"

Baba alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu awe mkali. Alimjibu kwa Maandiko, sura na aya, mstari juu ya mstari. Kila Shila alipofungua kinywa, baba alimkatiza. Mwishowe Shila akababaika, watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Akajitwika mahindi yake bila kuyasaga, akaenda zake.

Baba alipofika nyumbani, mama alikuwa ameshasikia.

"Wanasema umemshinda Shila."

"Nimeitetea imani, Mama Tumaini. Hakubakiwa na neno."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Baba akageuka, akatazama njia aliyojia.

"Ungekuja naye hapa, akala," mama alisema. "Umerudi peke yako."

Baba aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akakaa vivyo hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake alikwenda kwa Shila, akamkuta anafyatua matofali. Hakukaribishwa. Akachukua ndoo, akaanza kuchota maji ya kukandia udongo. Alirudi siku ya pili, na ya tatu, karibu wiki tatu nzima, wala hawakuzungumza ila habari za matofali. Jioni baba alikuwa akirudi nyumbani ameshika kiuno.

Ndipo Shila alipouliza, safari hii taratibu, "Mwinjilisti, bado unaamini?"

"Naamini."

"Hata baada ya Eliwaza?"

"Hata baada yake. Kwa nini alikufa, sijui. Ningekuambia hivyo siku ile, badala ya kukuaibisha. Nisamehe, ndugu yangu. Ninachojua ni kwamba Yesu naye alilia kaburini kwa rafiki yake, na ninamtumaini kwamba kaburi si mwisho. Bila tumaini hilo nisingeweza kuzika hata mtoto mmoja."

Shila akakaa juu ya matofali yake, akalia. Baba akaketi kando yake.

Msidhani Jumapili iliyofuata Shila alikuja kuimba. Mvua za mwaka ule zilikwisha kabla hajaja. Na alipokuja alikaa nyuma, karibu na mlango, kitabu cha nyimbo hakukifungua. Ibada ilipokwisha, yeye na baba walishika njia pamoja, wanaume wawili waliochoka, wakitembea polepole.

Mama aliwaona kwa mbali, akaniambia niongeze sahani.

"Mshindi wa ubishi hurudi peke yake," alisema. "Leo baba yako hakumshinda mtu."