Kompyuta Iliyoogopa Nyama

Nigawieni masikio!

— Chukua yote mawili!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Ifungeni kweli, maana kuna mmoja hapo nyuma anatafuna.

Palikuwa na Fisi, mwili mkubwa, meno makubwa, shukrani haba. Sebuleni kwake aliweka kompyuta ya mezani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutazamia video ya harusi yake. Msidhani alimpenda sana mkewe. Alikuwa anatazama chakula. Aliwapita maharusi, akawapita wazazi wa pande zote mbili, akangoja pale mbuzi wa kuchoma anapoletwa mezani na kisu kinapopanda juu.

Na hapo hapo kompyuta ikawa vuuu, vuuuu, vuuuuuu, pu! Kioo cheusi. Kisha yenyewe, bila kuguswa na mtu, tii! ikajiwasha. Fisi akaanza upya. Maharusi, wazazi, mbuzi, kisu. Vuuu, vuuuu, vuuuuuu, pu! Tii!

Akaitwa fundi. Fundi alikuwa Digidigi, na mkoba wake na bisibisi zake. Sasa mke wa Fisi, Bi Fisi, alikuwa mwanamke wa kufuma vitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa, jagi lilikuwa na kitambaa, na kompyuta ilikuwa na chake, kizito, cha nyuzi mbili na bitana ndani, kimelifunika kasha lote mpaka chini kama bibi harusi. Alipomwona fundi akakiondoa haraka, kwa sababu mafundi wana mikono michafu.

Digidigi akafungua kasha, akapuliza vumbi, akakaza waya, akafunga. Wakajaribu video. Maharusi, wazazi, mbuzi, kisu, mbuzi akaliwa.

"Imepona," akasema Digidigi, akaenda zake. Bi Fisi akarudisha kitambaa chake. Vuuu, vuuuu, pu! Tii!

Akaitwa tena. Fundi akaja, kitambaa kikatoka, ikapona. Fundi akaenda, kitambaa kikarudi, ikaugua. Akaitwa tena. Safari hiyo Fisi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Fundi, unanichezea."

"Mzee wangu, nilipoondoka ilikuwa nzima."

"Hata wewe ni mzima. Kwa sasa."

Akamfungia kwenye banda la kuku. Kuku hawakuwamo, mnajua walikokwenda. "Leo ikizima tena," akasema Fisi, "wewe ni kitoweo."

Mke wa Digidigi akakimbia kwa jirani yao Nguchiro. Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba, na bisibisi hajawahi kuishika maishani.

"Jirani, mume wangu analiwa leo!"

"Wameshaanza?"

"Bado."

"Basi usilie mapema. Mpikie."

Nguchiro akaenda kwa Fisi mikono mitupu. "Hodi wenyewe!"

"Karibu. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwajulia hali tu, mzee. Majirani tusipotembeleana tutakuwa kama wanyama."

Kwa kuwa alikuwa mgeni na si fundi, Bi Fisi hakuondoa kitambaa hata kimoja. Alivinyoosha. Akanyoosha cha redio, akanyoosha cha jagi, akanyoosha cha kompyuta, akaleta chai. Fisi naye akamwashia mgeni video. Maharusi, wazazi, mbuzi, kisu. Vuuu, vuuuu, vuuuuuu, pu! Tii!

Fisi akasimama, akalamba midomo. "Mke wangu, bandika maji. Mimi naenda bandani."

Nguchiro akaingiza mkono chini ya kitambaa, kama mtu anayepapasa mshono. Kasha lilikuwa la moto kama kikaango cha chapati. Akakitazama kitambaa, akamtazama Bi Fisi. Angeweza kusema: mama, mashine yako inakosa hewa, iondolee hili blanketi. Angesema hivyo, kompyuta ingepona, na Fisi angemla Digidigi kwa kusherehekea.

"Shemeji," akamwambia Bi Fisi, "kazi ya mikono kama hii sijaiona. Nipe niitazame vizuri." Akakivuta kitambaa, akakipakata. "Na wewe mzee, ngoja kidogo. Mashine hii haiumwi. Inaogopa."

"Inaogopa nini?"

"Huwa inazima ikifika wapi?"

"Kwenye mbuzi."

"Kwenye mbuzi au kwenye kisu?"

Fisi akafikiri, jambo ambalo hakulizoea. "Kwenye kisu!"

"Unaona! Imeyaona yaliyompata mbuzi, na sasa inasikia harufu ya nyama nyingine bandani. Inajiuliza, baada ya huyo, zamu ya nani? Mtoe Digidigi nje ya ua, tujaribu."

"Na ukiwa umenidanganya?"

"Si niko hapa? Hata mimi nina nyama, ingawa utaitafuta."

Fisi akafungua banda. Digidigi hakuaga. Wakajaribu. Maharusi, wazazi, mbuzi, kisu, mbuzi akaliwa. Fisi akapiga makofi, kisha tumbo likamkumbusha.

"Imepona! Sasa namfuata yule, hajafika mbali."

"Shemeji, nakirudisha kitambaa chako nisije nikakimwagia chai," akasema Nguchiro, akaifunika kompyuta mpaka chini. Vuuu, vuuuu, vuuuuuu, pu! Tii!

"Umesikia? Imekusikia."

Fisi akaketi. Nguchiro akakumbuka ua moja lililofumwa pale pembeni ambalo hakulitazama vizuri, akakichukua tena kitambaa. "Jikoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Paja la mbuzi."

"Paja la mbuzi! Ndugu wa marehemu kabisa, na wewe unashangaa! Lilete hapa mlangoni, nitakusaidia kulipeleka mbali."

Paja likaletwa. Video ikaenda mpaka mwisho. Nguchiro akamaliza chai, akarudisha kitambaa kwa adabu. Vuuu, vuuuu, pu! Tii!

"Na sasa?" Fisi akalia. "Nyama gani imebaki?"

"Mzee. Hebu jitazame."

Fisi akajitazama. Akajiona alivyo mkubwa. Akatoka nje kimyakimya, akasimama dirishani. Nguchiro akakivua kitambaa, na mbuzi akaliwa bila tatizo, Fisi akitazama kupitia nondo. Kisha Nguchiro akashukuru kwa chai, akaliweka paja begani, akaondoka.

Bi Fisi akaitazama kompyuta yake, iko uchi. Akaifunika. Vuuu, vuuuu, vuuuuuu, pu!

"Imezima?"

"Imezima, mume wangu."

"Basi niko karibu mno."

Akasogea hadi kwenye ua. Tii! "Imewaka!" Pu! "Imezima!" Akasogea hadi mtoni. Akasogea hadi porini. Na mpaka leo mkisikia huko vichakani sauti inaanza chini na kupanda juu, uuuu-wii! ni Fisi huyo, anamuuliza mkewe: "Imewakaaa?" Bi Fisi hasikii. Kitanda chote ni chake, na ameanza kufuma kitambaa kingine, cha nyuzi tatu.

Funzo la ngano hii ni kwamba uongo hauna faida. Digidigi alisema kweli tupu, naye akapewa banda zima peke yake. Nguchiro alidanganya tangu kikombe cha kwanza mpaka cha mwisho, na tazameni alichoambulia: paja moja, tena la mbuzi mzee. Basi semeni kweli, wajukuu zangu, hasa mkialikwa kwa Fisi.

Yangu nimeitua hapo. Atakayeiona haina chumvi, akaitie kwake.